Benki, SACCOS, Mali Kauli au Simu: Mtaji wa Biashara Yako Uutoe Wapi?

Mfanyabiashara mdogo anapotafuta mtaji, swali lake la kwanza karibu kila mara ni moja: "Riba yao asilimia ngapi?" Swali ni halali, ila ndilo linalowaponza wengi. Asilimia 2 ya taasisi moja inaweza kuwa ghali kuliko asilimia 3 ya taasisi iliyo mlango wa pili, na hakuna aliyedanganya.

Hapa navilinganisha vyanzo ambavyo mtu mwenye duka, karakana au shamba anaweza kuvifikia kweli, kwa kutumia zaidi mifano ya Tanzania na Kenya. Navipima kwa mambo mawili: gharama halisi ya kila mwezi, na kama marejesho yanakwenda sawa na jinsi pesa inavyorudi dukani. Hilo la pili nalipa uzito mkubwa zaidi. Nimeona biashara zikihimili riba kubwa kwa sababu mzigo ulikuwa unatoka haraka, na nimeona mikopo ya riba nafuu ikiua biashara kwa sababu rejesho la kwanza lilidaiwa kabla mashine haijafika bandarini.

Asilimia ileile, deni tofauti

Kuna namna mbili za kukokotoa riba. Ya kwanza ni riba juu ya salio: kila ukilipa, deni linapungua na riba ya mwezi unaofuata inapungua nalo. Ya pili ni ile ambayo maafisa mikopo huiita "flati": riba inahesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwezi wa mwisho, hata kama umebakiza rejesho moja tu.

Chukua mkopo wa Sh6 milioni, wa miezi 12, unaolipwa kila mwezi:

| Aina ya riba | Rejesho la mwezi | Riba yote kwa mwaka |
|---|---|---|
| 1% kwa mwezi, juu ya salio | Sh533,100 | Sh397,100 |
| 16% kwa mwaka, juu ya salio | Sh544,400 | Sh532,600 |
| 24% kwa mwaka, juu ya salio | Sh567,400 | Sh808,300 |
| 2% kwa mwezi, flati | Sh620,000 | Sh1,440,000 |
| 3.5% kwa mwezi, flati | Sh710,000 | Sh2,520,000 |

Tazama mstari wa tatu na wa nne. Yote miwili ni "asilimia 24 kwa mwaka", lakini mmoja unakugharimu zaidi ya laki sita juu ya mwenzake. Asilimia 2 ya flati ni sawa na karibu asilimia 3.5 kwa mwezi juu ya salio. Kwa mikopo ya mwaka mmoja inayolipwa kila mwezi, njia ya haraka ni kuzidisha flati kwa 1.7, unapata picha iliyo karibu na ukweli. Marejesho yakiwa ya kila wiki, gharama inapanda tena kidogo, maana pesa inaondoka mkononi mwako mapema zaidi.

Halafu kuna makato. Ada ya maombi, bima ya mkopo, ada ya mthamini wa nyumba, gharama ya mwanasheria. Baadhi ya wakopeshaji huzuia asilimia 10 kama akiba ya lazima: unasaini Sh6 milioni, unaondoka na Sh5.4 milioni, riba unalipa ya Sh6 milioni. Kwa hiyo maswali mawili yanayofaa kuulizwa dirishani ni haya: nitapokea kiasi gani mkononi, na jumla ya yote nitakayolipa hadi siku ya mwisho ni kiasi gani? Afisa asiyeweza kuyajibu kwa kuandika kwenye karatasi, muage.

Benki

Kwenye jedwali, benki (mstari wa pili) inashindwa na SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo (mstari wa kwanza), peke yake. Riba za mikopo Tanzania kwa miaka ya karibuni zimekuwa zikizunguka kwenye asilimia 15 hadi 16 kwa wastani, na wateja wakubwa wanaoweza kujadiliana hupata chini ya hapo. Mwenye duka hayumo kwenye kundi hilo la wakubwa.

Wengi husikia Benki Kuu imeshusha riba, wanakimbilia tawini, na kukuta bei ni ileile. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia Riba ya Benki Kuu Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, ikaipandisha hadi 6 Aprili mwaka huohuo, kisha ikaishusha hadi 5.75 Julai 2025. Hiyo ni bei ya pesa baina ya Benki Kuu na benki za biashara. Kati ya hapo na meza ya afisa mikopo kuna riba inayolipwa kwa wenye amana, gharama za kufuatilia mkopo mdogo (ambazo hazipishani sana na za mkopo mkubwa), hofu ya mikopo chechefu (isiyolipwa kwa wakati), na mteja mmoja asiyechelewesha rejesho la mkopo anayepanga foleni na wewe: Serikali. Benki inayoweza kununua dhamana za Serikali (yaani kuikopesha Serikali) na kulala usingizi haina haraka ya kukukopesha wewe mwenye daftari la mauzo lenye mafuta ya taa.

Kenya wamelionja hilo mara mbili. Septemba 2016 walianza kutumia sheria iliyozuia benki kutoza zaidi ya pointi nne juu ya riba elekezi ya Benki Kuu. Nia ilikuwa njema. Benki, zilipoona haziruhusiwi kumtoza mteja mdogo bei inayolingana na hofu yao, zikamwacha na kwenda kununua hati fungani za Serikali. Wadogo wakaangukia mikopo ya simu, ambayo ilikuwa ghali maradufu. Sheria ile ikafutwa Novemba 2019. Mara ya pili ilikuwa mwaka 2024: riba elekezi ilipanda hadi asilimia 13 mwezi Februari, na dhamana za Serikali za siku 91 zikafika karibu asilimia 16. Kama mkopaji asiye na wasiwasi wowote analipa 16, wewe utalipa ngapi?

Kwa upande wa Tanzania, hatua iliyozaa kitu cha kushikika ni ile ya Julai 2021: Benki Kuu ilitenga Sh1 trilioni za kuzikopesha benki kwa riba nafuu ili nazo zikopeshe sekta binafsi kwa isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka, na ikazipa nafuu ya amana za lazima (pesa ambazo kila benki hulazimika kuziweka Benki Kuu) benki zinazokopesha kilimo kwa kiwango hichohicho. Ndiyo maana baadhi ya benki zina mikopo ya kilimo ya tarakimu moja. Kama unafuga, unalima au unasindika mazao, usiombe "mkopo wa biashara" kwa mazoea tu. Uliza kwa jina mkopo wa kilimo, na uliza kama benki hiyo ina udhamini wa mikopo ya wakulima wadogo kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB). Dirisha ni lilelile, bei mbili tofauti.

Benki inafaa kwa kitu cha muda mrefu: mashine, jengo, gari la kazi. Haifai kwa dharura. Kati ya uthamini, hati na kamati ya mikopo, wiki zinakwenda, na msimu uliotaka kuuwahi unakwenda nazo. Nyaraka zako (leseni, TIN, taarifa ya benki inayoonyesha mauzo yakipita humo) zianze kuandaliwa miezi sita kabla ya kuhitaji pesa.

Washauri wengi husema mkopo unapunguza kodi kwa kuwa riba ni gharama ya biashara. Kwa kampuni inayolipa asilimia 30 ya faida, ni kweli. Lakini mfanyabiashara binafsi Tanzania ambaye mauzo yake hayazidi Sh100 milioni kwa mwaka na anatozwa kwa makadirio, kodi yake inatokana na mauzo. Na Kenya aliye kwenye kodi ya mauzo ya asilimia 3 ni hivyohivyo. Kwa hao, riba haipunguzi hata senti ya kodi. Mkopo ukiongeza mauzo bila kuongeza faida, unalipa riba zaidi na kodi zaidi kwa pamoja.

SACCOS

Riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio ni ya kawaida kwenye vyama vingi, na ukomo wa mkopo huwa mara mbili au tatu ya akiba zako. Kwa bei tupu, ukiacha mikopo ya kilimo na fedha za Serikali, hakuna anayeikaribia. Ila akiba yako inafungwa, na hiyo nayo ina bei.

Tuseme umeweka Sh2 milioni na umekopa Sh6 milioni. Pesa mpya iliyoingia kwenye biashara ni Sh4 milioni tu, maana zile mbili zilikuwa zako. Kama mkopo wote ungekaa mwaka mzima kwa asilimia 12, ungelipa Sh720,000. Chama kikikulipa asilimia 6 kwenye akiba, unarudishiwa Sh120,000. Zinabaki Sh600,000 kwa Sh4 milioni, yaani asilimia 15. Bado ni nzuri. Lakini si ile 12 iliyo kwenye kipeperushi, na imekaribia kabisa benki.

Kinachonifanya niipende SACCOS zaidi ya benki kwa mtu wa kipato cha kati ni wadhamini. Hati ya nyumba haihitajiki. Wanahitajika wanachama wenzako wanaokujua. Hapohapo ndipo penye hatari: ukishindwa, akiba za watu unaokutana nao kila siku ndizo zinazokatwa. Na chama chenyewe kinaweza kukwama. Wanachama wakiomba wote kwa pamoja Januari wakati wa ada za shule, foleni ya mikopo inafika Aprili. Kabla ya kujiunga, hakikisha chama kina leseni. Tanzania vyama hivi vinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na Kenya vile vinavyopokea amana vinasimamiwa na SASRA, mamlaka ya kusimamia vyama hivyo. Kisha omba kuona taarifa ya mwaka iliyokaguliwa. Mwanachama ana haki ya kuiona. Chama kinachozungusha maneno kimeshajibu.

VICOBA, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ni kaka mdogo wa SACCOS. Kinafaa kwa mtaji wa laki chache, na faida ya riba inarudi kwenu wenyewe mnapogawana. Kwa mashine ya milioni 15 hakitoshi.

Taasisi ndogo na "kausha damu"

Neno kausha damu, yaani mikopo ya riba ya kunyonya, halikuzaliwa bure. Sheria ya 2018 iliwagawa watoa huduma ndogo za fedha katika madaraja manne, na wale wa daraja la pili, wanaokopesha bila kupokea amana, wakiwemo watu binafsi, wamewekewa na Benki Kuu ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Rudi kwenye jedwali: 3.5 ikihesabiwa flati ni karibu 5.9 kwa mwezi juu ya salio. Mtu anayetoza asilimia 20 au 30 kwa mwezi, na kubaki na kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, yuko nje ya sheria. Usimuite "taasisi".

Pamoja na hayo, sitasema taasisi hizi zote ni mbaya. Zile zenye leseni zinakopesha mtu ambaye benki haitaki hata kumsikiliza, na zinatoa pesa ndani ya siku chache. Tatizo langu nazo ni ratiba ya kila wiki. Muuza genge anaiweza, kwa kuwa anauza kila siku. Fundi cherehani anayelipwa mwisho wa mwezi, au mfugaji wa kuku wa nyama ambaye kundi lake linakomaa baada ya wiki tano au sita, hana cha kulipa wiki ya kwanza wala ya pili. Hapo analipa rejesho kwa kula mtaji uleule aliokopa, na wiki ya tano anakwenda kukopa kwingine.

Mali kauli

Hiki ndicho chanzo kikubwa cha mtaji wa maduka yetu, na kwa kuwa hakina fomu, watu hawakihesabu kama mkopo. Muuzaji wa jumla anakupa mzigo leo, unalipa baada ya wiki mbili au mwezi. Hakuna riba, wanasema.

Ipo. Imejificha kwenye bei. Tuseme katoni moja taslimu ni Sh50,000, na kwa mali kauli ya siku 30 ni Sh52,000. Hiyo ni asilimia 4 kwa mwezi, juu kabisa ya benki na juu ya 2 ya flati. Kama muuzaji hana bei mbili na anauza Sh52,000 kwa wote, basi wanaolipa taslimu ndio wanaowalipia wenzao, na wewe mwenye pesa mkononi una nafasi ya kudai punguzo. Omba bei mbili kila mara. Wengi hawajawahi kuuliza.

Hata hivyo, asilimia 4 hiyo inaweza kuwa pesa rahisi kuliko zote, kutegemea kasi. Katoni zikiisha ndani ya siku 10, unabaki na pesa ya watu kwa siku 20, bila dhamana, bila afisa mikopo, bila jina lako kwenda kwenye kampuni za taarifa za mikopo. Unaweza kuizungusha mara mbili zaidi kabla ya siku ya kulipa. Katoni zikikaa siku 45, umeshaharibu uaminifu, na safari ijayo utapewa mzigo uliododa kwa bei ya kukukomoa. Utauchukua, kwa kuwa huna pa kwenda. Hiyo ndiyo gharama ambayo haiandikwi popote: unafungwa kwa muuzaji mmoja, anakuchagulia cha kuuza.

Upande wa pili wa mali kauli ni daftari lako mwenyewe la madeni. Wewe unapewa siku 30, wateja wako unawapa siku 45 kwa sababu ni majirani. Zile siku 15 katikati nani anazilipia? Kwa maduka mengi jibu ni mkopo wa simu, yaani pesa ghali kuliko zote inatumika kuwakopesha majirani bure. Kabla hujatafuta mtaji wowote mpya, jumlisha daftari hilo. Mara nyingi mtaji unaoutafuta umo humo.

Mkopo wa simu

M-Shwari ilianza Kenya Novemba 2012, M-Pawa ikafuata Tanzania mwaka 2014, na leo kila mtandao una wake. Ada ya M-Shwari ni asilimia 7.5 kwa siku 30, kabla ya ushuru. Kwa mwaka ni asilimia 90 ukizidisha tu, na ada inatozwa kwa mkopo mzima, si kwa siku.

Kwenye karatasi ni kichaa. Lakini fikiria muuza samaki anayenunua wa Sh100,000 alfajiri na kuuza kwa Sh115,000 kabla ya jioni. Ada ya mwezi mzima ni Sh7,500 na pesa ile inazunguka zaidi ya mara 20. Kwake huo ni mtaji nafuu, mradi aizungushe siku zote 30 na asiirudishe siku ya pili kwa kuogopa deni. Mtu aliyekopa kiasi hichohicho kulipia pango la fremu hana mzunguko wowote wa kuilipa ile ada. Mikopo ile ya kujazia salio pungufu, kama Fuliza na Songesha, hutoza kwa siku; hiyo ni ya dharura ya saa chache, si ya mtaji.

Kuhusu programu za mikopo zisizo na leseni: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Kenya ilishaweka kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022. Programu inayoomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zako inataka silaha ya kukudai, na silaha hiyo ni aibu. Angalia leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu kabla ya kupakua.

Fedha za Serikali

Tanzania, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba kabisa. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya malalamiko ya vikundi hewa na mabilioni yasiyorejeshwa ambayo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) aliyataja mwaka hadi mwaka, kisha ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, ikiwemo majaribio ya kupitishia benki katika halmashauri 10. Kenya walizindua Hustler Fund Novemba 30, 2022: riba ya asilimia 8 kwa mwaka, kuanzia Sh500 hadi Sh50,000 za Kenya, kulipa ndani ya siku 14, na asilimia 5 ya mkopo inakwenda kwenye akiba.

Ukilinganisha, ya halmashauri ni bora kwa bei na kwa muda. Ya Kenya ni bora kwa kasi, maana inaingia kwenye simu. Siku 14 ni chache mno kwa biashara yoyote inayotengeneza kitu. Na ya halmashauri ina gharama ya kikundi: mkishapata pesa, mmoja wenu akitoweka, nyinyi mliobaki mnalipa. Kikundi kilichoundwa ili kupata mkopo huvunjika kikishapata mkopo. Kama mlikuwa mkifanya kazi pamoja kabla, pelekeni maombi bila kusita.

Njia tatu zinazosahaulika

Chombo kwa mkataba. Vijana wa bodaboda wanaielewa kuliko wahasibu. Kwa mfano, pikipiki ya Sh2.8 milioni, unapeleka Sh10,000 kwa siku, siku 26 za mwezi, kwa miezi 15: jumla Sh3.9 milioni. Ni karibu asilimia 4.5 kwa mwezi, ghali kuliko benki. Lakini dhamana ni pikipiki yenyewe, na rejesho linakwenda na kipato cha kila siku. Kwa asiye na hati wala wadhamini, naichagua mbele ya kausha damu bila kufikiri mara mbili, kwa sharti kwamba mkataba umeandikwa na unasema wazi ukiugua wiki mbili itakuwaje.

Murabaha. Benki inanunua bidhaa na kukuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana tangu siku ya kwanza. Amana Bank Tanzania tangu 2011 na Gulf African Bank Kenya tangu 2008 ni mifano. Mbali na suala la imani, faida yake ya kibiashara ni kwamba bei haipandi Benki Kuu ikibadili riba. Kwa bei, linganisha jumla kwa jumla na mkopo wa kawaida. Wakati mwingine haipishani sana.

Mali inayohamishika kama dhamana. Kenya ilipitisha sheria mwaka 2017 inayoruhusu mashine, mifugo hata madeni unayodai kuwa dhamana. Tanzania mkulima ana stakabadhi ghalani tangu sheria ya 2005: mazao yako ghalani, karatasi yako benki, na huuzi siku ambayo kila mtu anauza.

Kuhusu soko la hisa: Dar es Salaam na Nairobi zote zilifungua madirisha ya kampuni changa mwaka 2013. Kwa msomaji wa makala haya bado ni mbali. Mbia mmoja anayeeleweka, mwenye makubaliano ya maandishi, ana msaada zaidi.

Mkopo wa dola

Anayeagiza mzigo nje atashawishiwa na riba ya asilimia 8 au 9 ya dola. Shilingi ya Kenya ilikuwa karibu 113 kwa dola mwanzoni mwa 2022 na karibu 160 Januari 2024. Aliyekopa dola 10,000 alipokea Sh1.13 milioni na, kama alikuwa hajapunguza, deni likawa Sh1.6 milioni kabla ya riba. Naira ya Nigeria ilianguka vibaya zaidi baada ya Juni 2023. Ndiyo, shilingi ya Kenya ilirudi hadi karibu 130 baadaye mwaka 2024, lakini rejesho la Januari halikusubiri. Kama huuzi kwa dola, usikope kwa dola.

Nani achukue nini

Mwenye duka la jumla na rejareja ambaye mzigo wake unaisha ndani ya wiki mbili: mali kauli kwa bidhaa zinazotoka haraka, taslimu kwa zinazododa, na SACCOS kwa kuongeza ukubwa wa duka. Benki aiache hadi atakaponunua fremu yake.

Mfugaji wa kuku wa nyama: mkopo wowote wenye rejesho la wiki aukatae. Atafute mkopo wa kilimo unaompa miezi miwili ya kusubiri kabla ya rejesho la kwanza, hata kama riba iko juu kidogo ya mwingine. Akikosa, aombe mali kauli ya chakula na vifaranga kwa muuzaji atakayelipwa kundi likiuzwa.

Fundi samani aliyeshinda zabuni ya kutengeneza madawati ya shule ya umma: huyu ndiye mwenye hatari kubwa, ingawa karatasi yake ndiyo nzuri kuliko za wenzake. Kenya, asilimia 30 ya zabuni za umma zimetengwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na benki zitamkopesha kwa kushika LPO (hati ya oda ya ununuzi) tu. Lakini LPO haina tarehe ya malipo, na malimbikizo ya madeni ya wazabuni ni ugonjwa wa serikali zote mbili. Kwa faida ya asilimia 15 na mkopo wa asilimia 3 kwa mwezi, malipo yakichelewa hadi mwezi wa tano amefanya kazi bure. Yakifika mwezi wa saba ametoa asilimia 6 mfukoni mwake. Aombe malipo ya awali kwenye mkataba, au agawe kazi katika awamu na kulipwa kila awamu inapokabidhiwa. Akinyimwa vyote viwili, atengeneze kiasi ambacho mtaji wake mwenyewe unaweza kusubiri, na sehemu iliyobaki ya zabuni amwachie mwingine.